Kidevu cha Fundi

Kosa la Babu Mkasi halikuwa la mkono, lilikuwa la mdomo. Mkono wake haukuwa na neno. Ulikuwa umenyoa vichwa vya watu umri mzima bila kumtoa mtu damu, isipokuwa shemeji yake mmoja, na huyo alijitakia. Shida ni kwamba mkono ule ulizoea kufuata mdomo. Babu akianza hadithi, wembe nao huanza; hadithi ikiisha, wembe husimama. Kule kwao wateja walikwishamzoea. Aliyetaka kupunguzwa tu alisema mapema, "Leo nipe fupi," na aliyetaka upara alijiweka sawa kitini akamwuliza habari za ndoa yake ya kwanza.

Lakini hapa hakuwa kwao. Hapa alikuwa mgeni katika kambi ya wakimbizi ya nchi ya watu, amekuja peke yake, kwa nauli yake, kujitolea. Wenzake wa kujitolea walikuwa vijana watupu, wamesoma, wana chupa za maji zenye mirija. Walimgawia nusu ya banda la mabati, na nusu ya pili akapewa binti mmoja mpole aliyefundisha watu kupumua. Wakimbizi walihudhuria somo lile kwa heshima, ingawa wengi wao walikuwa wanapumua vizuri tu kabla hajaja.

Asubuhi hiyo mteja wa kwanza alikuwa fundi mwashi, mtu mkubwa, mwenye ndevu zilizoshuka mpaka kifuani. Kambi nzima ilimwita Ndevu. Watoto walimwita hivyo, mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha, na hata kwenye orodha ya vibarua wa kufyatua matofali aliandikwa hivyo. Alikaa, akafungwa shuka shingoni, akasema apunguziwe kidogo tu pembeni, kwani kesho yake alikuwa na miadi ofisini na alitaka aonekane mtu.

"Kidogo," Babu Mkasi akakubali, na alikubali kwa moyo wake wote.

Mambo yangeishia hapo. Ila fundi alikuwa mtu wa adabu, na hakuona vizuri kukaa kimya mbele ya mgeni aliyetoka mbali. Akamwuliza ilikuwaje mpaka mzee wa umri wake akafunga safari ndefu vile bila hata mtu wa kumshikia begi.

Katika hadithi zote za Babu Mkasi, hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Alianzia kwa wanawe, walioitisha kikao kumweleza kwamba mzee akistaafu hukaa, haendi kunyoa watu wasiomjua. Akaja uwanja wa ndege, ambako alikamatwa na nyembe kumi na mbili kwenye begi la mkononi, akaombwa ajieleze, naye akaona njia nyepesi ya kuthibitisha kazi yake ni kumnyoa yule askari. Askari alipendeza sana. Ndege ikaondoka. Alipofika huku kwa ndege iliyofuata hakukuta mtu wa kumpokea, akaona kundi la watu waliovaa beji, akajiunga nalo kwa kudhani ndio wa kujitolea wenzake. Walimpandisha basi, wakamlaza hotelini, wakamlisha vizuri. Siku ya pili ndipo alipofahamu kwamba wale walikuwa madaktari wa meno kwenye mkutano wao wa mwaka, na kwamba zamu ya kutoa neno ilikuwa imemfikia yeye.

Fundi alikuwa amefumba macho, machozi ya kicheko yanamtiririka, mabega yanatikisika. Hata mwalimu wa kupumua alikuwa amesimamisha somo. Wembe ulikwenda taratibu, ukashuka, ukapanda, ukageuka. "Basi nikasimama," Babu akamalizia, "nikawaambia, ndugu zangu, mimi meno siyajui, mimi ni jirani yake, nakaa upande wa nje." Hadithi ikaisha. Wembe ukasimama.

Fundi alifumbua macho, akaangalia kioo, kisha akageuka nyuma aone ni nani aliyesimama pale.

Hapakuwa na mtu. Uso wa juu ulikuwa wake, umechomwa na jua la matofali. Uso wa chini ulikuwa mweupeupe, laini, mdogo, kama umeazimwa kwa mtoto wa shule. Babu Mkasi alishusha wembe. Akatazama sakafu, ambako ndevu za umri mzima zilikuwa zimelala rundo. Akili yake ilimwambia aombe radhi, lakini mdomo, kama kawaida yake, ukatangulia. "Umerudi ujana," akasema.

Fundi alimshukuru. Alikuwa mtu wa adabu.

*

Nyumbani kwa fundi palikuwa na chumba kimoja cha matofali aliyoyafyatua mwenyewe, na kibaraza ambapo mkewe alikuwa anapepeta mchele. Aliona mwanamume anakuja moja kwa moja mlangoni bila kubisha hodi. Hakuinuka.

"Mwenyewe hayupo," alisema. "Ameenda kunyolewa."

"Ni mimi," fundi akasema.

Mwanamke aliweka ungo chini, akachukua mwiko. Sauti aliijua, lakini ilikuwa inatoka kwenye mdomo asioujua. Akamtazama juu mpaka chini, na alipofika kwenye ndala, moja ya buluu na nyingine nyekundu, ndipo akashusha mwiko. Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akashika mbavu, akamwomba ageuke, ageuke tena, aonyeshe upande. Tangu waoane hakuwahi kukiona kidevu cha mumewe. Siku ya kuposwa alikuja nazo zile ndevu, na yeye hakuuliza kilichokuwa chini yake, kama vile mtu asivyouliza kilicho chini ya nyumba aliyojengewa.

Kisha kicheko kikakatika. Akamkumbusha habari za kesho.

Fundi alikaa kizingitini. Hakuhitaji kukumbushwa, njia nzima alikuwa anaitembea na habari hiyo, na watoto nyuma wakimwimba "Bila, Bila," kwani jina la Ndevu halikufaa tena. Kesho yake ilikuwa siku ya kuhakikiwa kwa mara ya mwisho. Walipokimbia kwao njia ziligawanyika: binti yao wa pekee alibebwa na shangazi yake akafikia nchi ya mbali, na wao wakaishia hapa. Binti alikuwa amekua huko, amepata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na ndiye aliyewaombea wazazi wake wamfuate. Faili lao lilikuwa limezunguka ofisi hadi pembe zake zimechakaa. Kesho afisa angelinganisha watu na kadi zao, agonge muhuri, basi. Asiporidhika, faili lingerudi chini ya rundo, na rundo hilo walikuwa wameliona kwa macho yao.

Wengine walihakikiwa kwa vidole. Fundi hakuwa na vidole vya namna hiyo. Saruji ilikuwa imekula alama zote. Kila alipobonyeza, kimashine cha kusoma vidole kilitoa mlio wa kukataa, na mara ya mwisho afisa wa wakati huo alichoka akaandika kwenye kadi yake kwamba huyu atambuliwe kwa sura. Na sura yenyewe, kwenye picha ya kadi, ilikuwa macho mawili, pua, na ndevu.

Babu Mkasi alikuwa akila chakula cha jioni kwao, maana chakula cha vijana wa kujitolea kilikuwa majani matupu. Jioni ile alikuja anapiga mluzi, akakuta nyumba imenyamaza kama ya msiba. Alielezwa yote na mwanamke, taratibu, bila kupaziwa sauti, na angependa zaidi apaziwe.

"Babu, wewe hukumnyoa yeye peke yake," mwanamke akamalizia. "Umetunyoa nyumba nzima."

Babu hakula. Alikuwa ameondoka kwao kifua mbele, akiwaambia wanawe kwamba kuna watu duniani wanaomhitaji, na sasa watu aliowapenda kuliko wote kambini angewakosesha mtoto wao kwa sababu ya madaktari wa meno. Alisimama bila kuaga, akaenda mbio mpaka bandani, akapekua pipa la taka kwa mikono yake, akarudi na mfuko wa karatasi.

Ndevu zote zilikuwamo, na nywele kidogo za mtu mwingine.

Wakaanza kazi. Mwanamke alikoroga unga na maji ya moto mpaka ukawa gundi nzito. Fundi alipakwa kidevu kizima, akalala chali, na Babu akaanza kumrudishia ndevu fungu kwa fungu, safari hii kimya kimya. Kazi iliwachukua mpaka giza likaingia. Walipomaliza, wakamsimamisha kwenye mwanga wa taa. Upande mmoja ndevu zilikuwa zinatazama juu. Upande wa pili zilianzia karibu na jicho. Fundi alijaribu kusema neno, na sharubu nusu ikaingia kinywani. Kisha akaanza kujikuna, kwani sisimizi walikuwa wamepata habari za unga.

"Sitaingia ofisini na kiota," fundi akasema, akatema. "Wanaoghushi nyuso hufungwa. Mimi nitakwenda na uso wangu."

"Uso gani?" mkewe akamwuliza, na hapo wote watatu wakacheka bila kupenda, kicheko cha watu waliochoka. Baadaye mwanamke alilia kidogo, upande wa ukutani, na fundi akamwacha alie, kwa sababu hakujua tena amkabili na uso upi.

*

Ofisi ilikuwa na meza, viti viwili vya wageni, feni ya mezani na faili kila mahali. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, asiyependa utani na asiyempenda mtu anayechelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kuona watu wakijaribu kusafiri kwa nyuso za ndugu zao, za marehemu, na mara moja kwa uso wa mtu aliyekuwa amekaa chumba cha pili, akisubiri zamu yake. Alifungua faili, akatazama picha, akamtazama fundi. Akatazama picha tena.

Akauliza mwenye kadi yuko wapi.

Fundi alieleza. Afisa alisikiliza bila kupepesa, kisha akamgeukia mwanamke, akamwonya kwamba anachokisema ndani ya chumba kile ni kiapo.

"Mama, huyu ni mumeo?"

Mwanamke alikuwa ameamua tangu alfajiri kwamba atasema ndiyo, na aliisema ile ndiyo njia nzima ili aizoee. Lakini alikuwa amelelewa na watu walioogopa kiapo kuliko radi. Akamtazama mumewe, kile kidevu kidogo kinachong'aa, akaona hawezi.

"Sauti ni yake," akasema. "Ndala ni zake. Lakini uso huu, mama, sijauona mpaka jana. Nikiapa nitakuwa nimedanganya."

Fundi alifunga macho. Afisa alitua kalamu. Hapo ndipo Babu Mkasi, aliyeachwa mlangoni kwa kuwa hakuwa na miadi, aliposhindwa kujizuia, akaingia na mfuko wake.

"Na wewe ni nani?" afisa akauliza.

"Mimi ndiye niliyefanya."

"Umefanya nini?"

"Nimenyoa," Babu akasema, na akamwaga ndevu mezani.

Afisa alirudi nyuma na kiti chake. Aliagiza vitu vile viondolewe mara moja, lakini Babu alikwisha kukusanya konzi mbili na kumbandika fundi kidevuni, akimsihi afisa aangalie, aangalie tu, alinganishe. Mwanamke naye, kwa kuona mambo yamekuwa hivyo, akashika upande wa pili. Fundi alikaa katikati yao wima, ameshikiwa ndevu zake na watu wawili, akikaza macho kama kwenye picha. Kwa hakika alifanana. Afisa alivuta kadi, akainama karibu, akavaa miwani vizuri. Kisha feni, iliyokuwa inazunguka upande wa dirisha, ikarudi.

Ndevu ziliruka chumba kizima. Nyingine zilitua kwenye mafaili, nyingine kwenye chai ya afisa. Afisa alipiga chafya nne mfululizo, na baada ya ya nne, hakuna aliyethubutu kusema afya.

Babu Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti aokote ndevu, na akiwa pale chini alimwomba afisa amwadhibu yeye: wamfukuze kambini, wamrudishe kwao leo leo, wanawe wamcheke, lakini faili lisirudi kwenye rundo. Alisema anajua kuwa ameharibu. Alisema alikuja kusaidia na hakuna alichosaidia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile, akakosa la kuongeza.

Afisa alikung'uta faili. Alisema yeye hamwadhibu mtu, kazi yake ni kutambua. Palibaki njia moja tu. Kwenye faili kulikuwa na namba ya binti; ofisi ilikuwa na mtandao wenye nguvu kuliko kambi yote; atampigia simu ya video amwonyeshe mtu huyu, aseme ni nani. Mwanamke aliposikia hivyo alishika ukingo wa meza. Miaka yote walikuwa wakisikilizana sauti tu, maana mtandao wa kambini haukuweza kubeba uso wa mtu. Aliomba aruhusiwe kukaa karibu.

Simu iliita sana. Ilipopokewa palisikika ngurumo za mashine za kufulia, na kwenye kioo pakatokea dari. Halafu koo. Binti alikuwa kazini, mikono ina sabuni, akaiegemeza simu kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa chini; kwa hiyo alichoonyesha kwa wazazi wake, baada ya miaka yote ile, kilikuwa kidevu. Mama yake alimwambia ainamishe kichwa. Akainama, kikaja kidevu zaidi.

Afisa akasema hana siku nzima. Akaigeuza simu kuelekea kwa fundi, akamwuliza binti kama anamwona mtu huyu.

"Namwona," binti akasema.

"Ni nani?"

Mashine zilinguruma. "Simjui."

Fundi alifungua mdomo ajibu, lakini neno halikutoka.

"Baba yangu ana ndevu," binti akaendelea, na sauti ikaanza kupanda. "Huyo ni nani? Baba yuko wapi? Mama, mbona hawasemi, baba wamempeleka wapi?"

Na akaanza kulia. Kile kidevu kwenye kioo kilikunjamana, kikavutika kushoto, na katikati yake kikafunguka kishimo kidogo, kikatetemeka chenyewe kabla hata chozi halijafika. Mwanamke alikuwa anakitazama kwa uchungu wote wa mama, kisha, kwa kutafuta msaada, akageuka kwa mumewe. Fundi naye alikuwa analia. Kidevu chake kilikuwa kimekunjamana, kimevutika kushoto, na kishimo kilikuwa kinatetemeka.

Mwanamke akatazama simu. Akatazama kiti. Polepole akanyoosha vidole viwili, akamshika mumewe kidevu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Usiku kucha alikuwa ameukwepa uso ule bila kujua ni kwa nini unamuumiza, na sasa alijua. Miaka yote aliyokuwa akimtamani mtoto wake, nusu ya uso wake ilikuwa inalala naye kitanda kimoja, imefunikwa.

Afisa naye alikuwa ameona. Aliiinua simu, akaiweka sambamba na shavu la fundi, akaangalia kidevu hiki, akaangalia kile, na akasahau kuondoa unywele uliokuwa umenasa kwenye miwani yake.

"Mama," akasema, kwa sauti aliyoilainisha kidogo, "nakuuliza tena. Huyu ni mumeo?"

"Mume wangu, bado sina hakika, nitamzoea," mwanamke akasema, huku machozi yanamdondoka na kicheko kinamtoka. "Ila baba wa mwanangu ndiye huyu. Hiyo naapa."

Afisa akavuta muhuri. Ulipogonga karatasi, Babu Mkasi, aliyekuwa bado amepiga magoti chini ya meza, aligonga kichwa chake akitaka kusimama, na hakuna aliyemjali. Fundi alikuwa ameichukua simu kwa mikono yote miwili, ile mikono isiyo na alama, na mwishowe sauti ikamtoka. Alimwita binti yake kwa jina la utotoni, mara moja tu.

Kule upande wa pili kilio kikasita. Mashine nazo zikawa kama zimenyamaza. Kichwa kikashuka taratibu kwenye kioo, pua, kisha macho mawili yaliyojaa maji, yakamtazama mtu aliyekuwa amesema.

"Baba," binti akasema, "mbona una kidevu changu?"